Namba Mbili za Mjomba: Kusoma Latitudo na Longitudo Kabla ya Kuzitafuta Kwenye Ramani

Karatasi yenyewe ilikuwa nusu ukurasa wa daftari la shule, imekunjwa mara nne hadi mikunjo yake ikaanza kupauka, na mjomba alikuwa ameandika juu yake mistari miwili tu kwa wino wa bluu: 05 06.50, na chini yake 39 13.20. Hapakuwa na herufi ya kuonyesha kusini wala mashariki, hapakuwa na kiduara kidogo cha digrii, wala jina la fungu lenyewe, yaani mahali pa kina kifupi baharini anapotegea samaki. Mjomba alikuwa amelala na homa kwa siku ya nne nyumbani kwake Sahare, na madema yake sita, yaani mitego ya samaki, yalikuwa bado chini ya maji tangu kabla hajaugua. Alinipa karatasi hiyo, akaniambia niende na binamu yangu tukayatoe kabla upepo wa kusi haujachafua bahari.

Binamu yangu ni fundi umeme, nami kazi yangu ni ya mezani, ingawa wote wawili tumekulia Tanga na kuendesha mashua ya mashine hakutushindi. Nilifungua ramani kwenye simu, nikaandika 5.0650 na 39.1320 kama nilivyozielewa namba zile, na alama nyekundu ikatua kusini mwa Ethiopia. Hapo nikakumbuka kwamba sisi tuko kusini ya ikweta, nikatia alama ya kutoa mbele ya namba ya kwanza, na alama ile ikarudi nyumbani, ikakaa kwenye maji ya karibu na Raskazone. Tuliridhika. Palikuwa baharini na palikuwa Tanga. Binamu yangu alisema kwamba hapo ni karibu mno na pwani kwa mvuvi kama baba yake, lakini tulijieleza kwamba huenda mzee ameanza kutega karibu kwa sababu ya afya. Tulizunguka kwa saa mbili tukitafuta boya, petroli ikapungua, jua likawa kali, tukarudi mikono mitupu.

Mjomba alitusikiliza akiwa ameegemea mto. Kisha aliuliza swali moja tu: "Mlipofika hapo, mnara wa Ulenge mliuona umekaaje?" Hatukuwa na jibu, kwa sababu tulikuwa tumeutazama mwanga wa simu asubuhi nzima. Akaichukua karatasi, akaweka kidole chini ya 06.50, akasema, "Hizi ni dakika, mwanangu. Tano ni digrii, sita na nusu ni dakika. Wewe umezibandika pamoja kama shilingi na senti."

Tangu siku hiyo nimelisoma jambo hili kwa bidii, na ninaliandika hapa kwa sababu naona watu wengi wanaotumiana lokesheni kila siku, iwe ni ya msiba Makorora au ya kiwanja Pongwe, hawajawahi kuelezwa namba hizo zinasema nini.

Latitudo ni kipimo cha umbali wa mahali kutoka ikweta, kwenda kaskazini au kusini, kuanzia 0 kwenye ikweta hadi 90 kwenye kila ncha ya dunia. Longitudo ni kipimo cha kwenda mashariki au magharibi kuanzia mstari unaopita Greenwich, Uingereza, nayo hufika 180 kila upande. Mji wa Tanga uko takriban digrii 5 na dakika 4 kusini, na digrii 39 na dakika 6 mashariki. Namba ya kwanza peke yake haitoi mahali. Inatoa mstari mrefu unaoizunguka dunia yote, na mtu akikuambia "niko digrii 5 kusini" anaweza kuwa baharini karibu na Pemba, au Kongo, au Brazili. Namba ya pili nayo inatoa mstari mwingine, unaotoka ncha hadi ncha. Mahali pako ni pale mistari hiyo miwili inapokatana. Mkazi wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, ana bahati ya kulielewa hili haraka, kwa kuwa barabara zake zinaitwa kwa namba na zinakatwa na barabara nyingine: ukimtajia mgeni namba ya barabara bila kumtajia njia inayoikata, atatembea kutwa nzima. Katika vitabu vya Hisabati vya shule za msingi jozi ya namba kama hii huitwa majira ya nukta, na jina hilo limenipendeza zaidi tangu nilipofahamu kwamba mabaharia wa pwani walilitumia neno majira kwa maana ya mwelekeo wa chombo baharini.

Mjomba hakuhitaji kitabu ili ajue jambo hili. Kabla ya kupata kifaa cha GPS kwa jamaa yake, fungu lake alilishika kwa macho: mnara wa taa wa Ulenge ulipaswa kusimama kwenye ncha ya kisiwa, usiingie ndani wala usitoke, na upande wa bara mbuyu mmoja mkubwa ulipaswa kukaa chini ya bonde la milima inayoonekana asubuhi hewa ikiwa safi. Mnara na ncha ya kisiwa hutoa mstari mmoja. Mbuyu na bonde la mlima hutoa mstari wa pili. Chombo kikiwa juu ya mistari yote miwili kwa wakati mmoja, kiko juu ya fungu. Nilipomsikia akieleza hivyo, nilitambua kwamba latitudo na longitudo ni ujuzi uleule, isipokuwa mistari yake haihitaji mbuyu na inakubalika dunia nzima.

Sasa nirudi kwenye kosa letu, kwa sababu ndilo lenye mafunzo mengi. Digrii moja imegawanywa katika dakika 60, na dakika moja katika sekunde 60, kama saa. Kwa hiyo nafasi moja inaweza kuandikwa kwa namna tatu: kwa digrii, dakika na sekunde, kwa digrii na dakika zenye desimali, kama vifaa vingi vya baharini vinavyofanya, au kwa digrii zenye desimali, ambayo ndiyo namna ya kawaida kwenye ramani za simu. Namba za mjomba zilikuwa za namna ya pili. Ili kuzipeleka kwenye namna ya tatu, dakika hugawanywa kwa 60 kisha hujumlishwa kwenye digrii: 6.50 gawanya kwa 60 ni 0.10833, basi latitudo ni 5.10833, na 13.20 gawanya kwa 60 ni 0.22, basi longitudo ni 39.22. Kwa namna ya kwanza mahali hapohapo pangeandikwa digrii 5, dakika 6 na sekunde 30 kusini. Digrii 39, dakika 13 na sekunde 12 mashariki. Mimi nilikuwa nimeondoa nafasi iliyotenganisha digrii na dakika nikaweka nukta, na kwa tendo hilo moja nikalisogeza fungu karibu kilomita 5 kaskazini na karibu kilomita 10 magharibi. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 11.

Hesabu ya kilomita si ngumu, na kila mtu angeweza kukaa nayo kichwani. Digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111. Dakika moja ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852, na maili hiyo ilitokana na kipimo hichohicho, ndiyo maana manahodha huzipenda dakika. Sekunde moja ni kama mita 31. Kwa upande wa longitudo, kilomita hupungua kadiri mtu anavyoiendea ncha ya dunia, kwa kuwa mistari yake hukutana huko. London digrii moja ya longitudo ni kama kilomita 69 tu. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna shida hiyo, kwani Tanga digrii ya longitudo bado ni karibu kilomita 111, na tunaweza kutumia kipimo kimoja kwa pande zote mbili bila kukosea sana.

Kosa langu la kwanza, la kusahau alama ya kutoa, lilinipeleka Ethiopia na nililigundua papo hapo. Nimejaribu makosa mengine ya aina hiyo kwa namba za mji wa Tanga, -5.07 na 39.10, ili nione yanaishia wapi. Ukizigeuza, longitudo ikatangulia, unatua Hispania. Ukizigeuza na pia ukaisahau alama ya kutoa, unatua katikati ya Bahari ya Mediterania, kusini-mashariki ya kisiwa cha Menorca. Ukiweka alama ya kutoa kwenye zote mbili, unajikuta jimbo la Ceará nchini Brazili, si mbali na mji wa Quixadá. Makosa haya yote ni makubwa mno kiasi kwamba yanajifichua yenyewe, kwa sababu hakuna mtu atakayeiona Hispania kwenye simu yake akaanza safari ya kwenda msibani.

Kosa la pili lilitutia hasara kwa sababu lilikuwa dogo. Lilitupa mahali panapoaminika: bahari ileile, mji uleule, mwendo wa nusu saa. Angalia Pangani, ambayo iko takriban digrii 5 na dakika 26 kusini, digrii 38 na dakika 59 mashariki. Mtu akiandika -5.26 na 38.59, ramani haitalalamika hata kidogo. Itamwonyesha mahali fulani bara kati ya Muheza na Korogwe, zaidi ya kilomita 40 kutoka mdomo wa mto Pangani, na kama ni mgeni asiyejua kwamba Pangani ni mji wa pwani, ataendesha gari hadi huko. Namba zilizo sahihi ni -5.433 na 38.983. Dalili moja ya kosa hili inasaidia: dakika na sekunde hazifiki 60 kamwe, kwa hiyo ukiona 38.75 ujue ni desimali ya kweli, lakini ukiona orodha ndefu ya maeneo ambamo hakuna hata namba moja iliyozidi 59 baada ya nukta, una haki ya kuishuku. Niliwahi kukabidhiwa orodha ya visima ya namna hiyo na ofisi moja, na vingi vilikuwa vimehamia mashamba yasiyo yake.

Kuna swali ambalo watu huniuliza mara kwa mara, la namba nyingi baada ya nukta. Desimali moja hutofautisha maeneo yaliyoachana kilomita 11, mbili kilomita 1.1, tatu mita 111, nne mita 11, na tano mita 1 na kidogo. Kwa kumwelekeza bodaboda nyumbani, desimali nne au tano zinatosha kabisa. Simu inapoonyesha namba kumi na nne baada ya nukta haimaanishi kwamba imepima kwa uangalifu huo. Simu ya kawaida kwenye uwanja ulio wazi hukosea kwa mita kadhaa, na chini ya mwembe mnene au katikati ya kuta ndefu hukosea zaidi. Lile duara la buluu linalozunguka nukta yako ndilo ungamo lake: linasema, uko humu ndani, sijui wapi hasa. Ningependa watu walisubiri lisinyae kwanza kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma.

Katika kusoma kwangu, kilichonigusa zaidi ni jinsi namba hizi mbili zilivyo na historia tofauti. Latitudo imekuwa mikononi mwa mabaharia kwa karne nyingi. Waliovuka Bahari ya Hindi kwa majahazi, wakisukumwa na kaskazi na kurudi kwa kusi, walitumia kamal, yaani kibao kidogo chenye uzi uliofungwa mafundo: baharia aliushika uzi kwa meno kwenye fundo alilolitaka, akakisogeza kibao mbele ya jicho hadi ukingo wa chini ugusane na upeo wa bahari na ukingo wa juu uguse nyota, na kwa hivyo akajua urefu wa nyota hiyo angani, na kwa urefu huo akajua yuko kaskazini au kusini kiasi gani. Vipimo vyao viliitwa isba, neno la Kiarabu lenye maana ya kidole. Anga lenyewe linatoa latitudo, na ikweta haikuchaguliwa na mtu yeyote, kwa kuwa inatokana na mzunguko wa dunia.

Longitudo haina mwanzo wa asili. Mstari wa Greenwich ulikubaliwa kwenye mkutano uliofanyika Washington mwezi Oktoba 1884 na kuhudhuriwa na wajumbe wa nchi 25. Ungeweza kuwa popote. Na ili kuijua longitudo, baharia alihitaji kujua tofauti ya wakati kati ya alipo na mahali pa kuanzia, kwa sababu dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, sawa na digrii moja kwa dakika nne. Saa za zamani zilipoteza majira melini kwa sababu ya mawimbi, joto na unyevu, na saa ikikosea dakika moja tu, katika bahari yetu chombo kinakosewa kwa karibu kilomita 28. Bunge la Uingereza lilitoa ahadi ya zawadi ya hadi pauni 20,000 mwaka 1714 kwa atakayetatua tatizo hili, na aliyelitatua ni John Harrison, mtoto wa seremala aliyejifunza mwenyewe kutengeneza saa, ambaye saa yake ya nne ilijaribiwa kwenye safari ya Jamaica iliyoanza 1761.

Tofauti hiyo ya wakati inaonekana hata uani kwetu. Saa za Tanzania zimewekwa kwa mstari wa longitudo 45 mashariki, ilhali Tanga iko 39.1, pungufu ya digrii 5.9. Zidisha kwa dakika nne, utapata takriban dakika 24. Ndiyo maana, kwa wastani wa mwaka, jua halifiki kileleni Tanga saa sita kamili mchana, linafika kama saa sita na dakika ishirini na nne, na waadhini wa adhuhuri wanalijua jambo hili vizuri kuliko saa ya ukutani.

Setilaiti za GPS nazo, zikiwa takriban kilomita 20,200 juu yetu, zinaendeleza kazi ileile ya saa. Kila setilaiti inatangaza wakati wake, simu inapima mawimbi yamechukua muda gani kufika, na kwa kusikiliza setilaiti zisizopungua nne inapata mahali ilipo. Simu hupokea tu, haitumi chochote kwenda huko, hivyo kazi hii haihitaji bando wala mtandao. Kinachohitaji mtandao ni picha ya ramani. Ukiipakua ramani ya eneo ukiwa mjini, simu itakuonyesha ulipo hata nje ya upeo wa minara ya simu, na kwa wanaokwenda baharini hili ni jambo la uhai.

Unapotafuta mahali, basi, andika latitudo kwanza, weka alama ya kutoa kwa kuwa ni kusini, tumia nukta kwa desimali na mkato kati ya namba mbili: -5.10833, 39.22. Longitudo ya Tanzania haina alama ya kutoa popote. Zipo programu za kitaalamu zinazoanza na longitudo, hivyo soma kichwa cha safu kabla ya kunakili. Kwa mtu wa pwani ya Tanga au Bagamoyo kuna kipimo cha haraka: latitudo inapaswa kuanza na 4, 5 au 6 yenye alama ya kutoa, na longitudo na 38 au 39. Kuzipata namba za mahali usipokuwepo, bonyeza kidole juu ya ramani ukishikilie kidogo, nazo zitajitokeza.

Hati za viwanja zina mambo yake. Wapimaji wa ardhi hutumia mita, na nafasi ya mji wa Tanga kwao ni karibu 511,000 mashariki na 9,439,000 kaskazini. Namba hizo haziingii kwenye kisanduku cha ramani ya simu bila kubadilishwa. Isitoshe, ramani za zamani za Tanzania zilichorwa kwa msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960, wakati GPS inatumia WGS 84, na latitudo na longitudo zilizosomwa kwenye ramani hizo zikiingizwa kwenye simu moja kwa moja zinahama kwa takriban mita mia tatu. Mita mia tatu ni shamba la mtu mwingine. Usianze kuchimba msingi wala kugombana na jirani kabla mpimaji hajakuambia namba ulizonazo ni za msingi upi.

Tulirudi baharini siku ya pili yake, alfajiri, tukiwa na namba mpya kwenye simu na maneno ya mjomba kichwani. Tulipokaribia, binamu yangu alipunguza mashine na mimi nikaiweka simu mfukoni. Mnara wa Ulenge ulikuwa bado ndani ya kisiwa. Tukasogea kusini kidogo hadi ukasimama kwenye ncha. Mbuyu uliingia chini ya bonde la mlima polepole, kama mtu anayetafuta kiti chake. Dumu la njano la mjomba lilikuwa linaelea mbele yetu, hatua chache upande wa kulia, likiwa limeota majani ya kijani kwenye shingo. Madema matano yalikuwa mazima, la sita lilikuwa limevunjika ubavu.

Jioni nilimpelekea samaki, changu na tasi, kwenye kikapu, naye akaniomba kalamu. Aliifungua karatasi yake juu ya goti, akaongeza kiduara kidogo baada ya 05 na baada ya 39, akaandika "Kus." mwisho wa mstari wa juu na "Mash." mwisho wa ule wa chini, kisha akanirudishia ili ninakili na mimi.